KAZI MBAYA NA MCHEZO MWEMA



Wazee walituachia mithali isemayo: Kazi mbaya si mchezo mwema. Maana yake yajulikana. Kazi, hata ikiwa duni, yaupita mchezo hata ukiwa mzuri, kwa kuwa kazi hubakiza kitu mikononi mwa watu, bali mchezo ukiisha umekwisha. Mithali hii huambiwa kijana apendaye baraza kuliko jembe, naye akiisikia huona haya, akaondoka kwenda shambani. Ni neno jema. Lakini mithali ni kama mizani: yafaa ikaguliwe mara kwa mara, ijulikane kama yapima sawa kila mzigo. Leo nataka kuikagua kwa kitu kidogo sana, kilichoanza kufanywa katika nchi ya Uswisi yapata miaka mia mbili na arobaini iliyopita, nacho ni kijaluba chenye ndege aimbaye.

Kitu chenyewe

Kwanza nieleze kitu hiki, maana si wengi waliokiona. Ni kijaluba cha dhahabu, au cha fedha, au cha ng'amba, chenye kuenea katika kiganja cha mkono, mfano wa tabakelo ambazo mabwana wa Ulaya walizichukua mfukoni kwa ajili ya ugoro wao. Juu yake pana kifuniko kidogo chenye umbo la yai, mara nyingi kimepambwa kwa picha za rangi ya kioo iliyoyeyushwa motoni. Mtu akisukuma kishikio kilicho ubavuni, kifuniko chafunguka, na ndege asiyezidi kidole gumba asimama ghafula. Ageuka huku na huku, apiga mabawa, atikisa mkia, afumbua mdomo na kuufumba. Na sauti yatoka, sauti ya ndege hasa, yenye kupanda na kushuka na kutetemeka. Baada ya sekunde ishirini hivi ndege alala, kifuniko chamfunika, kimya.

Chini ya ndege huyo mna kazi ya ajabu. Kamani iliyokazwa kwa ufunguo yazungusha magurudumu yenye meno. Magurudumu yaendesha mvukuto, mfano wa mvukuto wa mhunzi, lakini mdogo sana, nao umevikwa ngozi nyembamba kama utando wa yai. Pumzi ya mvukuto yaingia katika filimbi moja tu. Mashine za zamani za kuigiza ndege zilitaka filimbi nyingi, kila sauti na filimbi yake, kwa hiyo hazikuweza kuwa ndogo. Mafundi wa vijaluba walitia pistoni ndogo ndani ya filimbi moja, iende mbele na nyuma: nafasi ya hewa ikifupishwa sauti huwa nyembamba, ikirefushwa sauti huwa nene. Na pistoni haiendi ovyo. Yaongozwa na visahani vya madini vinavyozunguka, ambavyo kingo zake zimekatwa kwa tupa ziwe na vilima na mabonde. Wenzo mwembamba wapita juu ya kingo hizo kama msafiri apandaye na kushuka, nao huipeleka pistoni mahali pake. Basi wimbo wote wa ndege umeandikwa katika kingo za visahani. Fundi akikosea kwa upana wa unywele mmoja, ndege huimba vibaya, wala hakuna pambo la nje liwezalo kumponya.

Waliokifanya

Kazi hii ilizaliwa katika milima ya Jura, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Mji wa La Chaux-de-Fonds upo juu yapata meta 1,000 kutoka usawa wa bahari, na theluji ya huko ni nyingi. Wakulima wa milima hiyo walikuwa na ng'ombe na malisho, lakini wakati wa baridi shamba hulala. Basi wengi walijifunza kufanya sehemu za saa, wakikaa karibu na dirisha ili wapate mwanga. Na mikono ile ile iliyokama ng'ombe asubuhi ikashika tupa ndogo mchana.

Katika mji huo alizaliwa Pierre Jaquet-Droz, mwaka 1721. Ujanani mwake alisoma falsafa huko Basel, kisha akaanza elimu ya theologia. Akaiacha, akarudi kwenye saa. Hapa msomaji wa gazeti letu aweza kushtuka na kusema, Tazama, ameacha kazi akafuata mchezo. Tusihukumu kwanza, na tuendelee. Mwaka 1758 alisafiri na saa zake mpaka Madrid, akazionyesha kwa mfalme wa Hispania, akapata fedha nyingi. Mwaka 1774 yeye na mwanawe Henri-Louis, pamoja na fundi mwenzao Jean-Frédéric Leschot, waliwaonyesha watu masanamu matatu yaendayo yenyewe: mwandishi, mchoraji, na binti apigaye kinanda. Mwandishi ana vipande yapata 6,000 ndani yake. Huchovya kalamu ya unyoya katika wino, akaandika maneno ya herufi hata 40, kama fundi alivyoyapanga. Masanamu hayo yamehifadhiwa katika makumbusho ya mji wa Neuchâtel, nayo yangali yakifanya kazi.

Katika kiwanda cha watu hao, katika miaka ya 1780, ndege aliingia kijalubani. Lakini si wao peke yao. Yuko Jacob Frisard wa Villeret, aliyewafanyia mitambo ya ndege. Iko jamaa ya Rochat, kutoka bonde la Joux, ambao baadaye walifanya kazi Geneva. Yuko Charles Bruguier, aliyefanya kazi katika mji huo huo. Huko Paris palikuwa na nyumba ya Bontems, iliyosifiwa kwa ndege walioimba karibu sawa na ndege wa msituni. Nao hao ni wale wachache ambao majina yao yamebaki. Nyuma yao walikuwako wachoraji, wafua dhahabu, wakata magurudumu, na wapanga manyoya, ambao hatutawajua.

Basi tuulize: kazi hiyo yote, macho yote yaliyochoka dirishani, kwa ajili ya sekunde ishirini za sauti katika sebule ya tajiri, ilikuwa kazi njema au ilikuwa upuuzi? Mashtaka ni matatu, nasi tuyasikilize moja moja.

Shtaka la kwanza: ni uongo

Mtu aweza kusema, Kitu kisicho hai kikijifanya ni hai, huo ni udanganyifu. Shtaka hili si dogo, maana katika zama zile walikuwako waliodanganya. Mwaka 1739 fundi Mfaransa Jacques de Vaucanson aliwaonyesha watu wa Paris bata wa shaba aliyekula nafaka mbele yao, kisha akatoa mavi. Watu waliambiwa kwamba chakula chasagika tumboni mwake. Sivyo. Nafaka ilibaki katika chombo kimoja, na mavi yalikuwa yametayarishwa mbele katika chombo kingine. Huo ni uongo, ingawa bata mwenyewe alikuwa kazi ya ustadi mkubwa.

Ndege wa kijaluba hana neno kama hilo. Mwenye kijaluba alijua kwamba ni mashine, kwa kuwa yeye mwenyewe alikaza kamani. Ufunguo ulio mkononi mwake ndio ungamo la fundi. Kuigiza si kudanganya; kudanganya ni kumficha mtu jambo ambalo yampasa kulijua. Mtoto alazaye mdoli wake hamdanganyi mtu.

Tena kijaluba chatufundisha kweli moja. Mwaka 1637 mwanafalsafa René Descartes aliandika kwamba, kama pangefanywa mashine yenye viungo na sura ya mnyama asiye na akili, tusingeweza kuitambua tofauti yao. Mafundi wa Jura walikaribia kumjaribu, na ndege wao ametoa jibu. Kipanga akipita angani, chiriku aliye mtini hunyamaza. Ndege wa kijaluba huimba mpaka mwisho, hata nyumba ikiwa yaungua. Yeye ana sauti, lakini hana la kuogopa wala wa kumwita. Basi aliyekaa miaka akimwigiza ndege kwa tupa na visahani alijua kuliko wengi ni kiasi gani cha ndege hakikuingia katika kijaluba.

Shtaka la pili: hakifai kitu

Hili ndilo shtaka la mithali yetu. Saa yaonyesha wakati, jembe lalima, chungu chapika. Ndege huyu afanya nini? Aimba, basi.

Nakubali kwamba hafai kwa kulima. Lakini tuangalie vizuri neno hili "kufaa". Katika karne ya 18 huko Ufaransa mabibi walikuwa na kinanda kidogo cha kuzungusha kwa mkono, kilichotumika kuwafundisha chiriku wa manjano wa kufugwa kuimba nyimbo za watu. Bibi alizungusha wimbo ule ule siku nyingi, mpaka ndege aushike. Kwanza, basi, mashine ilimfundisha ndege aimbe kama mtu. Kisha wakaja mafundi wa kijaluba, wakageuza shauri: walimtega ndege masikio, wakaifundisha mashine iimbe kama ndege. Ni nani katika hao aliyemheshimu ndege zaidi? Mimi nasema ni yule aliyesikiliza. Maana huwezi kukata kilima na bonde la sauti katika ukingo wa kisahani usipokuwa umesikia kwa makini mahali ambapo sauti yapanda na mahali itetemekapo. Kusikiliza hivyo hakujazi ghala, lakini si kazi bure.

Tena mchezo huo ulileta mkate. Ustadi uliotumika kwa ndege ni ndugu yake ustadi wa saa, na saa ziliwalisha watu wa milima ile ambayo udongo wake haukuweza kuwalisha wote. Mwaka 2020 shirika la UNESCO liliandika ufundi wa saa na wa mitambo ya sanaa wa Uswisi na Ufaransa katika orodha ya urithi wa wanadamu. Na ndege waimbao wamo katika ufundi huo.

Shtaka la tatu: ni cha matajiri

Hapa sitawatetea sana. Wanunuzi wa vitu hivi walikuwa wafalme na makabaila wa Ulaya, na wakuu wa Uchina, ambao vitu vya namna hii vilipelekwa kwao kwa merikebu. Mwaka 1789 mapinduzi yalitokea Ufaransa, na njaa na bei ya mkate ni katika sababu zake. Katika miaka iyo hiyo mabwana walikuwa wakifungua vijaluba vya dhahabu baada ya chakula, ili wageni wacheke. Fundi hakuleta njaa ile, lakini tabakelo yake ilikuwa mfukoni mwa watu wasioiona. Pierre Jaquet-Droz alikufa mwaka 1790, na mwanawe Henri-Louis mwaka 1791. Na Leschot, aliyebaki mpaka 1824, aliona soko la mabwana likivunjika.

Liko na neno lingine. Ndege wengi wa vijaluba wamevikwa manyoya ya kweli, ya ndege wadogo sana wa bara la Amerika, wenye kung'aa kama chozi wetu, ambao hunyonya maua wakiwa wamesimama hewani. Ndege hai alikufa ili ndege wa chuma apendeze. Mtu asiyeona uchungu katika jambo hilo na aliwaze tena.

Neno lililofichwa

Sasa nifike kwenye neno ambalo kwa ajili yake nimeandika haya. Mafundi wa leo watengenezao vijaluba vilivyoharibika huvifungua, nao huona mambo ambayo mnunuzi wa kwanza hakuyaona kamwe. Katika vijaluba vilivyo bora, bamba la chini limesuguliwa likang'aa, ingawa lakaa gizani. Vichwa vya skurubu vimelainishwa. Ukingo wa gurudumu, ambao hapana jicho litakaloufikia ila la fundi mwingine, umemalizwa kama ukingo wa pete. Na jina la fundi mara nyingi halipo nje. Jamaa ya Rochat, kwa mfano, walipiga herufi mbili tu, FR, katika madini ya ndani.

Yule bwana hakuomba hayo, wala hakuyalipia kwa kujua. Angaliweza kupunjwa asitambue, maana ndege angaliimba vile vile kwa miaka kadhaa. Lakini fundi hakumpunja. Alifanya mchezo kana kwamba ni kazi ya mwisho duniani.

Na hapa ndipo mithali yetu inapoanza kutupima sisi. Sisi tunazo kazi za maana kupita ndege wa dhahabu. Mmoja hufundisha watoto kusoma. Mmoja hutunza wagonjwa. Mwingine hushika daftari la fedha za usharika, mwingine hujenga daraja la miti litakalopitwa na akina mama wenye mizigo. Hapana atakayetuuliza, Kazi hii yafaa nini? Lakini kwa sababu hiyo hiyo twaweza kulala. Mwalimu huingia darasani hakusoma somo, akasema moyoni, Nia yangu ni njema. Fundi wa daraja hupigilia msumari mmoja mahali pa mitatu, akasema, Ni kwa ajili ya watu wote, watashukuru. Mwenye daftari huandika hesabu kwa kukisia, akasema, Mimi si mwizi. Ni kweli, si mwizi. Lakini hesabu si sahihi, daraja lalegea, na mtoto amerudi nyumbani hajui kusoma. Wema wa kusudi umekuwa blanketi la kufunikia uvivu wa mkono.

Basi naona kwamba kila kazi ina maswali mawili, na jibu la moja halilipi deni la lingine. La kwanza, Ni kwa ajili gani, na kwa ajili ya nani? La pili, Yafanywaje? Fundi wa kijaluba alijibu vizuri swali la pili. Katika la kwanza amebaki na deni, kwa ajili ya wenye njaa na kwa ajili ya manyoya. Ustadi wake haulifuti deni hilo. Vivyo hivyo mwizi hodari wa kufungua kufuli hasifiwi kwa uhodari wake. Lakini sisi tunaojibu vizuri swali la kwanza tusidhani kwamba la pili limesamehewa. Ustadi hautakasi kusudi baya, wala kusudi jema halitakasi ulegevu.

Mtu ataniuliza, Katika makosa hayo mawili, lipi ni zito? Kwa maneno ni vigumu kusema, lakini kwa madhara twaweza kuona. Kama ndege wa kijaluba angalifanywa kwa ulegevu, nani angaliumia? Bwana mmoja angalikasirika baada ya chakula. Kazi ya maana ikifanywa kwa ulegevu, waumiao ni wale wale ambao kwa ajili yao ilianzishwa, nao mara nyingi ni wadogo, wasioweza kufungua kijaluba na kutazama ndani. Mgonjwa hajui kipimo cha dawa aliyopewa. Mtoto hajui kwamba mwalimu wake hakusoma. Wanatuamini, kama bwana yule alivyoliamini bamba la chini asiloliona. Kwa hiyo kadiri kusudi la kazi lilivyo jema, ndivyo ulegevu wake ulivyo mbaya.

Mithali yetu imepimwa

Je, wazee walikosea? Sivyo. Walipotuambia kwamba kazi mbaya si mchezo mwema, walisema na yule aketiye bure. Kwake neno hili ni kweli, na liendelee kusemwa. Lakini hawakuwapa watenda kazi ruhusa ya kufanya vibaya, kana kwamba jina la "kazi" latosha. Anayeishika mithali hii kama ngao ya kazi yake mbovu ameigeuza. Mwambieni mtu huyo habari za watu wa Jura, waliokaa dirishani katika baridi, wakasugua chuma ambacho hapana atakayekiona, kwa ajili ya ndege asiye hai, wa tajiri wasiyemjua.

Nalo neno moja la mwisho kuhusu ndege hao. Ngozi nyembamba ya mvukuto huchakaa. Baada ya miaka mingi hupasuka, na ndege hufungua mdomo bila sauti. Hapo hutafutwa fundi, naye huondoa ngozi ya zamani na kutia mpya. Filimbi huisafisha lakini haitii mafuta, kwa maana mafuta yangeikwamisha pistoni. Visahani havigusi, kwa sababu havina haja. Vilikatwa sawa mara moja, na wimbo uliomo ndani yake wangali ule ule aliousikia mtu wa kwanza. Wafalme walionunua wamekwisha, na majina ya wengi waliofanya yamesahauliwa. Kilichobaki ni ule ukingo uliokatwa kwa uaminifu, nao bado waimbisha ndege kila apatapo pumzi.

Basi, ndugu, jioni moja utazame kazi yako ya wiki hii, ile sehemu ambayo hapana mtu atakayeikagua, ukaulize: bamba la chini limesuguliwa?